Hofu Si Ukosefu wa Imani

Machi 11, 2011, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 9.0 liliitikisa Japani. Tsunami ikafuata, na katika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi viini vya vinu vitatu vikayeyuka. Watu zaidi ya 18,000 walikufa au hawakuonekana tena. Wengine wengi walihama makwao, wakikimbia mionzi isiyoonekana kwa macho wala kunuka.

Wako wanaosema maafa ya namna hiyo ni adhabu ya Mungu. Tunakataa. Mnara wa Siloamu ulipowaua watu 18, Yesu alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Mwaka 2012 tume ya Bunge la Japani ilitamka kuwa ajali ya nyuklia ilisababishwa na wanadamu, na ingeweza kuzuilika. Tukimsingizia Mungu, tunawafichia waliozembea.

Tunakataa pia kumwambia mama anayeogopa kumpa mwanawe maji ya bomba kwamba hana imani. Bwana wetu mwenyewe alifadhaika Gethsemane. Imani haimkatazi mama huyo kuuliza kama maji yamepimwa. Inatukataza sisi kumwacha aulize peke yake.