Ngiri ya Kifuani: Ukishonwa Leo, Miaka 15 Ijayo Itakuwaje?

Haya jamani, wiki hii tunaingia tumboni. Ukitamka neno ngiri kijiweni, washikaji wanaangaliana na kucheka, kila mtu akili yake inakimbilia chini ya mkanda. Poleni! Kuna ngiri nyingine inakaa juu, na haichagui dume wala jike.

Iko hivi. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, msuli mpana wenye tundu la kupitisha umio, yaani njia ya chakula. Tundu likilegea, kipande cha mfuko wa chakula kinapanda kuchungulia kifuani. Wengine hawasikii kitu maisha yao yote. Wengine ni kiungulia usiku kucha, asidi mpaka kooni. Wengi hutulizwa na vidonge. Vikishindwa, ndipo kisu kinapoitwa.

Fundi wa kwanza ni Rudolf Nissen, yule yule aliyempasua Einstein mwaka 1948. Mbinu yake aliitangaza mwaka 1956: anauzungusha mfuko wa chakula kwenye umio duara zima, kama skafu shingoni. Mwaka 1963 Mfaransa André Toupet akasema hapana, zungusha kwa nyuma, duara usilifunge. Na tangu 1991 kazi hiyo inafanywa kwa kamera na matundu madogo, tumbo halichanwi tena kama gunia.

Sasa nani mkali? Waswidi waliwagawa wagonjwa 456 kwa bahati nasibu, nusu Nissen, nusu Toupet. Mwanzoni wa Nissen walisumbuka zaidi kumeza. Matokeo ya miaka 15 yalipotoka mwaka 2022, ngoma ilikuwa droo: kiungulia kimetulia kote kote.

Basi vijana wa mjini mtasema, si wapige na wavu tundu lisiachie tena? Wamarekani walijaribu kwa wagonjwa 108, wavu uliotengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. (Ndugu zangu mnaojizuia na mnyama huyo, kabla ya kusaini fomu ulizeni wavu ni wa nini!) Baada ya miezi 6 ngiri ilirudi kwa asilimia 9 ya wenye wavu na asilimia 24 ya wasio nao. Watu wakashangilia. Miaka kama 5 hivi ikapita, wakapigwa picha tena: 54 kwa 59. Faida yote imeyeyuka.

Lakini hapo ndipo penye utamu. Picha inasema ngiri imerudi, mwenyewe anakula ubwabwa wake na kulala fofofo! Wengi wao hawakuhitaji kisu cha pili. Uswidi nako, kati ya watu 2,655 waliopasuliwa kiungulia, asilimia 17.7 kilirudi, na wengi wa hao walirudia vidonge tu.

Mimi nasema hivi: ukiambiwa upasuliwe, usiulize tu jina la mbinu. Muulize daktari amefanya ngapi, nitameza vipi, na kikirudi tunafanyaje. Akikuahidi ya milele, mwambie hata ndoa zinavunjika, sembuse mshono.

Na kama chakula kinakwama kooni au unatapika damu, acha kubugia vidonge vya dukani, wahi hospitali. Tukutane wiki ijayo!