Cheti cha BRELA hakivuki bahari

Mwandishi aliyedai kwamba Soko la Pamoja la Afrika Mashariki linalinda kote alama ya biashara iliyosajiliwa nchi moja anawaponza wafanyabiashara. Soko hilo, lililoanza Julai 2010, linavusha bidhaa. Haki ya jina inabaki nyumbani. Mtengeneza sabuni wa Dar es Salaam mwenye cheti cha BRELA, msajili wa Tanzania Bara, hana usajili hata Unguja: kule msajili ni BPRA, kwa sheria ya Zanzibar yenyewe. Akivuka Namanga, anaanza upya kwa KIPI, msajili wa Kenya. Hata muda haulingani: Bara usajili wa kwanza ni miaka 7, Kenya 10.

Atanijibu kwamba ipo ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu. Ipo, na Itifaki ya Banjul ya 1993 inakubali ombi moja litaje nchi kadhaa. Ila si wanachama wote wa ARIPO waliojiunga na itifaki hiyo, na kila nchi iliyotajwa inaweza kulikataa ombi. Anachokieleza mwenzetu kipo kwa OAPI, shirika jingine la aina hiyo lenye makao Yaoundé: usajili mmoja, nchi 17. Si kwetu.

Wakati huohuo, wakala wa sabuni ile Nairobi anaweza kuwahi kulisajili jina kwa jina lake mwenyewe. Mwenye kiwanda ndiye atakayelipa wakili kulidai.