Debe la Haki



Msimu uliopita wa viazi mviringo nilisimama kando ya shamba la mjomba wangu, mkoani Njombe, lori la Fuso likisubiri barabarani. Gunia lilikuwa limekwisha kujaa. Kijana wa mnunuzi akalitikisa, akalisukuma kwa goti, viazi vikashuka, akaongeza debe. Kisha akasuka kamba juu ya mdomo wa gunia na kupanga viazi vingine ndani ya kamba hizo, kimoja kimoja, mpaka gunia likaota kichwa. Mjomba alitazama pembeni. Bei ilibaki ya gunia moja.

Gunia la namna hiyo, lililojazwa kupita mdomo wake, ndilo tunaloliita lumbesa. Kilichonikaa moyoni ni kwamba Jumapili iliyofuata, sikukuu ya mavuno, yule mnunuzi nilimkuta kanisani. Kwenye mnada baada ya ibada alinunua mkungu wa ndizi kwa bei kubwa kuliko ya sokoni, akina mama wakampigia vigelegele. Simwiti mnafiki. Naamini alitoa kwa moyo. Ila miaka yote aliyosali pale, sidhani kama kuna aliyemwambia kwamba gunia nalo ni jambo la imani.

Nasi tunayo Biblia inayolisema waziwazi. Mambo ya Walawi sura ya 19, ileile inayotuamuru kumpenda jirani, inamalizia kwa kudai mizani ya haki na efa ya haki. Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, na wengi huikadiria kuwa lita 22 hivi. Yaani karibu sawa na debe letu. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Na Amosi, mchungaji wa Tekoa aliyetunza pia mikuyu, aliwakemea wafanyabiashara waliokaa Sabato wakihesabu saa, wakiwaza itakwisha lini wakauze nafaka kwa efa iliyopunguzwa. Mwili ulikuwa ibadani, mawazo yalikuwa ghalani. Soma sura ya 8, ni fupi.

Lakini andiko linalonigusa zaidi ni Luka 6:38, tunalolisikia mara nyingi wakati wa sadaka: kipimo kilichoshindiliwa mpaka kikamwagika. Pale anayeshindilia ni yule anayetoa. Hufanya hivyo kwa ukarimu, kwa hiari yake. Kwenye lumbesa anayeshindilia ni anayepokea, na mwenye mali hana la kusema kwa sababu ada ya shule inadaiwa na viazi havisubiri. Tumeligeuza neno la Bwana kichwa chini, na tumelizoea.

Sisemi na wanunuzi peke yao. Wako wanaouza kwa sado sokoni, waliolibonyeza kopo hilo la kupimia chini ili lijae upesi. Wako wakulima wanaoficha viazi vilivyooza katikati ya gunia. Tupo sisi wa mjini tunaofurahia bei ya chini bila kuuliza imetoka kwenye jasho la nani. Na yuko kuli anayelibeba gunia la lumbesa mgongoni, gunia moja baada ya jingine, usiku kucha. Mgongo wake nao ni wa jirani yetu.

Najua jibu la mkulima, mjomba alinipa: nikikataa, Fuso itakwenda shamba la pili. Ni kweli. Sheria ya Vipimo ipo na Wakala wa Vipimo upo, lakini mkulima mmoja mbele ya dalali hana nguvu ya kuitaja sheria. Kwa hiyo wito wangu nauelekeza kwenye ushirika wetu, maana Mungu hakutuweka katika jumuiya tuimbe tu pamoja.

Wiki hii, jumuiya yenu inapokutana, someni Amosi 8, kisha kila mmoja aseme kipimo chake cha kazi kikoje. Wazee wa kanisa, kabla ya kununua spika nyingine, nunueni mizani moja iliyohakikiwa, ikae mahali mazao yanapokusanywa, na wakulima wa kijiji kizima, Wakristo na Waislamu, wakubaliane kuuza kwa kilo. Mchungaji, padri, mwite mfanyabiashara wako umwambie kwa upendo, si mbele za watu. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani kwake Yeriko, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hakungoja kushtakiwa.

Nawe mnunuzi, ndugu yangu katika Kristo, kama unasoma hapa: msimu huu fika kwa mjomba na ushone gunia pale mdomo wake unapoishia. Chai itakuwa tayari, na viazi vya kuchemsha tutakula pamoja.