Abe anahesabiwa, mchimba koltani wa Rubaya hahesabiwi

Kuna mchezo wa video unaoitwa Oddworld: New 'n' Tasty. Ulitoka mwaka 2014, na mwenye kuutaka anaulipia na kuupakua kwa intaneti. Ni mchezo wa zamani, Abe's Oddysee wa mwaka 1997, uliotengenezwa upya. Shujaa wake si askari. Ni Abe, kiumbe wa sayari nyingine, mwembamba, mdomo umeshonwa kwa uzi, kazi yake kupangusa sakafu katika kiwanda cha nyama. Ni mtumwa.

Siku moja anasikia wakubwa wa kiwanda wakipanga. Wanyama wa kuchinja wanakwisha, faida inashuka, basi sasa wafanyakazi wenyewe watageuzwa nyama. Abe anakimbia. Hana bunduki. Anajificha gizani, anapita polepole nyuma ya walinzi, anatafuta akili ya kufungua kila mlango. Akimkuta mwenzake anamwambia: nifuate. Mchezaji akiacha wengi mno nyuma, mwishoni Abe naye anaachwa afe.

Wakaaji wa Masisi hawahitaji kufasiriwa hadithi hiyo. Kupita usiku karibu na wenye silaha, mtoto mgongoni na mkono juu ya mdomo wake asilie, wao wameyafanya bila mchezo.

Lakini jambo moja la mchezo ule lingepaswa kuwaumiza wakubwa, wa huku na wa ng'ambo. Watumwa wa kuokolewa wana hesabu: ni 299. Akitoka mmoja, inajulikana. Akifa mmoja, inajulikana.

Sasa mtu atazame Rubaya. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulisema kwamba machimbo yale yanatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, ile madini inayotoka katika koltani. Ulisema pia kwamba waasi wa M23, walioishika Rubaya mwaka ule, wanapata karibu dola 300 000 kwa mwezi kutokana na biashara hiyo. Dola zina hesabu. Kilo zina mzani. Shimo likiporomoka wakati wa mvua, hesabu ya watu ndiyo inayopotea: kila upande unataja idadi yake, na mama anabaki akiuliza kama mwanawe alikuwa shimoni siku hiyo.

Atatokea mtu aseme: huo ni mchezo tu. Lakini mchezo hauchezwi hewani. Ndani ya simu na mashine za kuchezea mna vifaa vidogo vya kutunza umeme, na baadhi yake vinatengenezwa kwa tantali. Kijana wa Ulaya anayefurahi kumwokoa Abe huenda ameshika mkononi jasho la mchimbaji ambaye hakuna aliyemwita kutoka shimoni. Kosa si la kijana. Kosa ni la wanaojua bei ya kila kilo na hawataki kujua ilipita mikono ya nani.

Mwingine atasema: basi wasinunue tena mawe ya Kongo. Hilo nalo limeonekana. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria juu ya madini ya vita, na mwaka huohuo Kinshasa ikasimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Wenye bunduki hawakulala njaa. Wachimbaji na watoto wao ndio waliolala njaa. Kumfungia mtu kazi si kumwokoa.

Linalodaiwa ni jepesi kusema. Kila shimo liwe na daftari la majina: nani ameingia, nani ametoka. Mnunuzi asiyeweza kuonyesha daftari hilo asinunue. Kampuni isiyouliza isijisifu kwamba madini yake ni safi. Na yeyote anayetoza kodi juu ya koltani, awe na cheo cha serikali au awe na bunduki tu, alipe kwanza mazishi ya wale waliofukiwa.

Familia zilizokimbia zinajua thamani ya orodha. Asiye na jina kwenye orodha siku ya mgao anarudi na sufuria tupu. Mchimbaji asiye na jina harudi kabisa, wala hakuna anayeambiwa aende kumtafuta.