KONA YA FUNDI WA SAUTI: Mvua inayotoka kwenye redio

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kutunza betri ya sola. Leo najibu swali ambalo wengi wameniuliza njiani: ile mvua inayosikika kwenye maigizo ya vijana wetu, huwa tunairekodi lini? Jibu ni kwamba hatukurekodi mvua hata siku moja. Tuliitoa kwenye redio.

Kelele nyeupe ni kitu gani?

Washa redio ya FM, zungusha mpaka ufike katikati ya stesheni mbili. Utasikia "shhhhh". Sauti ya namna hiyo mafundi wanaiita kelele nyeupe. Mwanga mweupe umebeba rangi zote, zile tunazoziona zimeachana kwenye upinde wa mvua. Kelele nyeupe nayo imebeba sauti zote kwa pamoja, nzito na nyembamba, kwa nguvu sawa. Ya redio si nyeupe kamili, ila kwa kazi yetu inatosha. Kwa kuwa kila kitu kimo ndani, huna haja ya kuongeza. Unapunguza tu.

Si jambo la ajabu. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, makofi yake yalitengenezwa kwa kelele hiyo hiyo iliyochujwa na kukatwa vipande vifupi. Makofi mnayoyasikia kwenye nyimbo nyingi za kucheza ni "shhh" ya umeme, si mikono ya watu.

Namna ya kufanya

Kikundi chetu kina sampla moja, Roland SP-404, aina ya mwaka 2005. Sampla ni mashine ya kunasa sauti na kuirudisha kila ukibonyeza kitufe. Hii yetu inatumia umeme au betri ndogo 6, kwa hiyo hata sola ikilala tunafanya kazi. Fuateni hatua hizi:

1. Toa waya kwenye tundu la hedifoni la redio, ingiza kwenye sampla. Sauti ya redio iwe ya kati, isikwaruze.

2. Nasa sekunde 20, usipunguze. Hapa ndipo wengi wanakosea. Wananasa nusu sekunde halafu wanabonyeza LOOP ijirudie. Sikio la mtu ni janja, linatambua marudio upesi: badala ya mvua utasikia mashine ya kusaga. Kipande kikiwa kirefu, sikio linasahau kilianzia wapi.

3. Washa efekti ya filta, zungusha CUTOFF taratibu. Ukiifunga kidogo unapata mvua ya mbali. Ukiifunga zaidi, ni mvua juu ya turubai ukiwa umejifunika blanketi.

4. Kwa upepo, ongeza RESONANCE halafu peleka CUTOFF juu na chini bila haraka. Kelele inaanza kupiga mluzi kama upepo unaopita kwenye tundu la ukuta.

5. Kwa mawimbi ya ziwa, fungua filta pole pole kama unavyovuta pumzi, kisha ifunge pole pole zaidi. Usipime kwa saa. Kumbuka tu wimbi linavyokuja na linavyorudi.

6. Sampla hii inafanya efekti moja tu kwa wakati mmoja. Ukitaka mvua na upepo pamoja, tumia RESAMPLE: nasa upya mvua iliyokwisha kuchujwa uiweke kwenye kitufe kingine, halafu fanya upepo. Baadaye bonyeza vyote viwili.

Ukizima LOOP, ukawasha GATE, sauti inatoka pale tu kidole kinapogusa. Gusa upesi upesi, unapata kayamba la kusindikiza kwaya.

Kosa langu

Sasa niseme jambo ambalo si la vitufe. Mwaka jana vijana walicheza igizo la safari ya mwaka 1996, wazazi wetu walipovuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Mimi ndiye nilikuwa kwenye sampla. Mawimbi yalikwenda vizuri, watu wakanyamaza kabisa. Halafu nikaona nionyeshe ufundi. Kelele nyeupe ukiifunga filta, ukaigusa kwa kishindo na kuiachia hapo hapo, inatoa mlio wa bunduki. Nilijua hivyo. Nikagusa mara tatu.

Bibi mmoja aliyeketi mbele alishika wajukuu wake wawili, mmoja kwa mkono na mwingine kwa nguo, akaondoka mbio kati ya watu. Watoto wengine wakaanza kulia. Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Muzime! Muzime ile kitu!" Nikazima. Igizo halikumalizika siku ile.

Kesho yake nilikwenda kuomba samahani. Bibi alinipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Nikamweleza kwamba ilikuwa redio tu. Akajibu: "Mutoto wangu, miye sikusikiaka redio."

Ndugu zangu, mpaka leo sijapata neno la kurudisha. Niliposimama kuaga, aliniuliza kama ile ya maji bado ipo kwenye mashine. Nikasema ipo. Akasema nikipata nafasi nimpelekee asikie, yeye alizaliwa kando ya ziwa. Nilimpelekea Jumapili. Alisikiliza mpaka betri zikaisha.

Tangu hapo kikundi kimekubaliana: bunduki hatuipigi. Mchezo ukihitaji hatari, mchezaji anageuza shingo na sisi tunakata mvua ghafla. Kimya kile kinatosha, kila mtu anaelewa.

Kwa wazazi wenye watoto wachanga

Mama mmoja ameomba sauti ya mvua kwenye simu ili mtoto alale. Inasaidia, kwa sababu "shhh" inafunika kelele za ghafla za nje. Lakini angalieni. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi wa mashine 14 za kulaza watoto: zikifunguliwa mpaka mwisho, 3 zilipita desibeli 85 kwenye umbali wa sentimita 30. Sauti ya namna hiyo ikidumu usiku kucha inaweza kudhuru sikio. Basi simu isikae kwenye mto. Iwe mita 2 kutoka kwa mtoto, sauti ndogo, na mtoto akishalala, zima.

Anayetaka kujaribu sampla aje Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mje na redio zenu, yetu imeanza kuchoka. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaona namna ya kutengeneza spika iliyopasuka. Nawatakia amani majumbani mwenu.