Uvumi na Damu ya Mgeni

Sisi wa Mbeya na Iringa tunaishi kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na vijana wetu wengi wameifuata hadi Afrika Kusini. Ndiyo maana tulihuzunika Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra, Johannesburg, zilipoua watu 62. Lakini 21 kati yao walikuwa wenyeji! Aprili 2016, jirani zetu wa Lusaka walipora maduka ya Wanyarwanda kwa uvumi wa mauaji ya kishirikina. Watu wawili wakachomwa moto, na serikali ikatangaza kuwa walikuwa Wazambia.

Nasi tusijitoe. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, mkoani Dodoma (jina tu ndilo linalofanana na letu), watafiti wawili wa udongo na dereva wao, Watanzania wenzetu, waliuawa kwa kudhaniwa wanyonya damu. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Basi enyi wazazi, Mhabeshi aliyepotea njia akionekana kijijini na yowe likapigwa, mwiteni mwenyekiti wa kijiji, na vijana wenu wazuieni nyumbani.