Siti binti Saad Hakuwa Sauti Tupu

Mikocheni, kitongoji cha Dar es Salaam ambacho jina lake latokana na mikoche, leo kina nyumba za redio na televisheni. Huko hutoka nyimbo na maigizo usiku na mchana, na vijana wa Kinondoni na Temeke huyajua kwa ghibu. Lakini mtu akiuliza ni nani aliyekutanisha wimbo na mchezo katika Kiswahili, aghalabu huambiwa kuwa mchezo wetu ulizaliwa katika shule za wakoloni. Na akitaka ushahidi huonyeshwa *Nakupenda, Lakini* ya Henry Kuria, iliyochapwa mwaka 1957. Sina ugomvi na Kuria. Nina ugomvi na jawabu hilo, kwa sababu limemdhulumu Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, baada ya miaka mingi ya kusimama mbele ya watu.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina ambalo zama zile halikuhitaji maelezo. Alichuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa na Ali Muhsin wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoundwa mwaka 1905. Taarabu ilikuwa tunu ya majumba ya wakubwa, na lugha yake Kiarabu. Siti aliitia Kiswahili, akaipeleka Ng'ambo kwa wachukuzi na wapishi. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walivuka bahari mpaka Bombay, wakaimba katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Kufikia mwaka 1931 sahani za Kiswahili zilizouzwa zilitimu 72,000. Je, ni kitabu kipi cha Kiswahili cha siku zile kilichopata wasikilizaji wengi kama hao?

Wapo wasemao kuwa Siti alikuwa na koo tamu tu, na kwamba tungo zilikuwa za wengine, kwani hakujua kusoma. Ni kweli kwamba alifanya kazi na mafundi, kama Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam, na kwamba walitunga kwa kushirikiana. Lakini tangu lini ushirika ukawa kasoro ya mtunzi wa jukwaa? Mchezo ni kazi ya wengi kwa maumbile yake. Wapinzani walipomdhihaki kwa ushamba wake na sura yake, alijibu kwa wimbo uliokana kuwa sura ndiyo kipimo cha mtu. Asiyejua kutunga hanyamazishi adui kwa namna hiyo. Tena kutokujua kusoma si kutokujua kutunga. Lau ingekuwa hivyo, nusu ya ushairi wetu ingekosa wenyewe.

Wapo pia wasemao kuwa wimbo si mchezo. Hao nawarudisha kwenye wimbo wa Kijiti. Kisa chake kilitokea kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mja mzito, aliuawa Unguja, mwuaji akatorokea bara, mahakama ikawafunga wanawake waliotoa ushahidi, kwa kosa la kununua ulevi. Siti na wenziwe walikichukua kisa hicho wakakiweka mbele ya watu. Ndani ya wimbo yumo mwuaji, wamo mashahidi, yumo hakimu mwenye hasira anayenena kwa kinywa chake. Waliosikiliza walikuwa majirani wa walioonewa, nao waliisikia hukumu ikihukumiwa. Kama hapo hakuna tamthilia, basi neno hilo tulitupe.

Shaaban Robert aliandika *Wasifu wa Siti binti Saad*, uliotolewa mwaka 1958 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tunausoma mno kwa ajili ya nathari ya mwandishi, tukauacha usanii wa mwandikwa. Hata jarida la Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, lililomheshimu kwa jina *Sauti ya Siti*, limemtaja kwa sauti yake.

Nasisitiza neno hili kwa sababu lina faida na hasara za mfukoni. Anayeitwa sauti hukodiwa kwa usiku mmoja. Anayeitwa mtunzi hudai haki yake kila kazi yake ichezwapo. Binti anayebisha mlango wa studio Mikocheni leo hana budi kujua kuwa aliyemtangulia alikuwa mtungaji na mchezaji, asije akakubali ujira wa koo peke yake. Tena atalijulia wapi, ikiwa sisi wenye vyuo hatulifundishi?

Kwa hiyo historia ya tamthilia isianzie 1957. Wimbo wa Kijiti uwekwe katika darasa la mchezo, usikilizwe kutoka katika santuri, uchambuliwe wahusika wake na mahakama yake, kama tunavyomchambua Shakespeare. Atakayeona Siti hastahili na aje na hoja. Lakini asije na tarehe ya kiwanda cha uchapaji akatuambia kuwa ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwa sanaa yetu.